Kumsindikiza Mzazi kutoka Lamu hadi Mombasa kwa Upasuaji wa Nyonga: Mwongozo kwa Mtoto Anayefanya Kazi Mbali

Mwongozo huu ni wa mtoto anayefanya kazi mbali na nyumbani, ambaye amepigiwa simu akaambiwa kwamba mama au baba yake aliyeko Lamu atabadilishwa nyonga. Mimi na ndugu zangu wawili tumelipitia jambo hili, na kosa letu ndilo lililonifanya niandike. Sote watatu tulikimbilia Mombasa siku ya upasuaji, tukakaa siku nane kwenye benchi la nje ya wodi tukipokezana chupa ya chai, na mama aliporuhusiwa, likizo zetu zilikuwa zimekwisha. Alirudi Lamu kwenye nyumba ambayo kitanda chake kiko ghorofani na choo chake ni cha kuchuchumaa, akiuguzwa na mama mdogo mwenye umri wa miaka 67. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja au mbili, lakini kupona huchukua miezi. Kwa hiyo hatua zifuatazo zimepangwa ili siku zako na fedha zako zitumike zaidi nyumbani, baada ya hospitali, kwa sababu huko ndiko mzazi anakobaki na watu wachache na kazi nyingi.

Hatua ya kwanza: gawanya siku zako kabla ya kukata tikiti

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Likizo ya ugonjwa iliyomo katika sheria hiyo ni ya mfanyakazi mwenyewe anapougua, wala si ya kumuuguza mzazi, kwa hiyo hesabu yako ianzie kwenye hizo 21. Pendekezo langu ni kwamba siku 4 zitumike Lamu kabla ya upasuaji kwa kutengeneza nyumba, siku 3 zitumike hospitalini, na 14 zilizobaki zianze siku mzazi anaporuhusiwa. Ikiwa mko ndugu kadhaa, msichukue likizo kwa pamoja hata kama kila mmoja anaona aibu kutokuwapo siku ya kisu. Mmoja awe hospitalini, wa pili aje kumchukua mgonjwa na kumrudisha nyumbani, wa tatu aingie wa pili anapoondoka.

Tarehe nayo iangaliwe. Upasuaji wa nyonga iliyolika mara nyingi huwa wa miadi, na daktari anaweza kuusogeza kwa majuma machache mkimweleza sababu. Epukeni kurudi Lamu katika siku za Maulidi ya mfungo sita, maana mji hujaa wageni, boti hugombaniwa na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, haupitiki na mtu anayetembea kwa magongo. Epukeni pia kilele cha mvua, za masika na za vuli. Mwishoni mwa mwaka 2023 mto Tana ulifurika ukaikata barabara ya Lamu upande wa Gamba, na abiria wakakwama pande zote mbili.

Hayo yote yanahusu nyonga iliyolika. Mzazi akianguka na kuvunjika nyonga, hakuna nafasi ya kuchagua tarehe, kwa sababu madaktari hupendelea kumpasua mapema, ikiwezekana ndani ya siku 2, ili asikae kitandani akapata nimonia, vidonda vya mgongo na damu iliyoganda. Hapo mmoja wenu aende naye hospitali na mwingine abaki Lamu aanze hatua ya tatu siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: bima, karatasi na damu

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kwa herufi za SHA, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Usidhani kwamba kadi ya zamani ya mzazi inatosha, wala kwamba makato ya mshahara wako yanamfunika yeye. Mzazi husajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake, na usajili unaweza kuanzia kwenye simu kwa *147#. Asiyeajiriwa hukadiriwa mchango kwa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Yafanyeni haya wiki kadhaa kabla, kwa kuwa wazee wengi wana vidole vilivyosuguliwa na kazi na mashine za alama za vidole hukataa kuvisoma. Ni afadhali tatizo hilo litokee mkiwa na nafasi kuliko asubuhi ya kulazwa.

Kisha ulizeni hospitali swali moja kwa maneno ya wazi: je, nyonga bandia yenyewe imo katika kiasi kitakacholipwa na bima, au familia itainunua kando? Chuma hicho ndicho kitu cha bei kubwa katika shughuli nzima, na familia nyingi huambiwa habari zake mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa. Ombeni jibu kwa maandishi. Michango ya jamaa inayopitia M-Pesa ikusanywe kwa namba ya mtu mmoja, na mwingine aiandike daftarini.

Katika mfuko mmoja usioingia maji wekeni kitambulisho cha mzazi, barua ya rufaa kutoka Hospitali ya King Fahd ya Lamu au popote alipoandikiwa, picha zote za eksirei na orodha ya dawa anazotumia pamoja na vipimo vyake. Orodha hiyo isiache kitu. Aspirini na dawa nyingine za kulainisha damu, dawa za kisukari na za presha, na hata mitishamba, zote daktari wa usingizi anahitaji kuzijua, kwa kuwa baadhi yake husimamishwa siku kadhaa kabla na nyingine huendelea hadi asubuhi yenyewe. Mzazi asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake au wako.

Kuhusu damu, hospitali za umma huomba jamaa wajitokeze. Mtoaji awe na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzani usiopungua kilo 50, na afya njema. Wapwa na majirani walioko Mombasa wapigiwe simu mapema, waende wakiwa wamekula na wamekunywa maji ya kutosha.

Hatua ya tatu: itengenezeni nyumba kabla mgonjwa hajaondoka

Hatua hii ndiyo tuliyoiruka, na ndiyo ninayokuomba uitilie maanani kuliko zote. Baada ya kubadilishwa nyonga, madaktari wengi humwagiza mgonjwa kwa muda wa majuma 6 hadi 12 asiinamishe nyonga kupita pembe ya mraba, yaani goti lisipande juu ya kiuno, asikunje nne, na asiugeuzie mguu uliopasuliwa upande wa ndani. Akivunja masharti hayo nyonga inaweza kuchomoka. Sasa tazama nyumba zetu. Tunachuchumaa chooni, tunakaa mkekani kula, tunakuna nazi juu ya mbuzi, tunasujudu mara tano kwa siku, na vitanda vyetu viko juu ya ngazi za mawe ambazo kila kidato ni kirefu. Karibu kila tendo la kawaida la nyumba ya Kiamu ni tendo ambalo mgonjwa wa nyonga amekatazwa.

Anza na choo. Kama ni cha kuchuchumaa, mwite fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu katikati na mikono imara pande mbili, kitakachosimama juu ya shimo lenyewe. Fundi wetu hakutumia futi. Alimketisha mama barazani, akapitisha uzi kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti, akaufunga fundo, kisha akaupima uzi kwenye ubao wake: inchi 17. Kiti alikitengeneza cha inchi 20, ili mama akiketi makalio yawe juu kuliko magoti, na miguu ya kiti akaipanua chini kidogo ili kisipinduke mtu anapoegemea mkono mmoja. Kipimo hicho kitumike pia kwa kiti cha kukalia mchana na kwa kitanda. Kitanda kikiwa kifupi, kiinuliwe kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa ili mguu wa kitanda uingie ndani yake. Matofali yaliyopangwa tu huteleza.

Kitanda kishushwe chini, hata kama chumba cha chini ni stoo ya jamaa na itabidi vitu vihamishwe. Mikeka na mazulia yote yakunjwe kwenye njia ya kutoka kitandani hadi chooni, taa ya usiku iwekwe, na kizingiti cha mlango kitazamwe. Milango yetu ya nakshi ina vizingiti virefu ambavyo fremu ya kutembelea haivuki yenyewe. Ubao wa mteremko wenye vijiti vya kuzuia kuteleza unatosha. Pimeni na upana wa mlango wa choo, kwani katika nyumba nyingi za mawe ni mwembamba kuliko fremu. Sisi tulilijua hilo mama akiwa amesimama mbele ya mlango, amechoka, na fremu imekwama.

Hatimaye pangeni ni nani atakayemwogesha. Mtoto wa kiume kama mimi anaweza kupika, kufua na kumsaidia kutembea, lakini mama wengi hawatakubali kuogeshwa na mwana wao, na si haki kumlazimisha. Mwanamke mmoja, binti au mkwe au jirani anayeaminiwa, akubaliane na kazi hiyo kwa wazi, na mwingine awe wa kumpokea.

Hatua ya nne: kuvuka na kusafiri

Boti kutoka kisiwani hadi Mokowe, upande wa bara, ni safari fupi, lakini kuingia na kutoka ndiko kugumu. Maji yakiwa yamekupwa, mgonjwa atateremka vidato vingi vyenye utelezi. Yakiwa yamejaa, ukingo wa boti huwa karibu usawa na gati. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, na hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yana tofauti ndogo, na hizo ndizo siku njema za kumvusha mgonjwa. Mwulize nahodha atakayewavusha, naye atakuambia saa bila kutazama karatasi. Kodini boti nzima, chukueni kiti cha plastiki chenye mikono, na wanaume wawili wamnyanyue mgonjwa akiwa ameketi. Kutoka nyumbani hadi pwani, kiti cha magurudumu huhangaika kwenye vichochoro vyenye mitaro, kwa hiyo machela au kiti cha kunyanyuliwa na watu wanne ni salama zaidi kuliko punda.

Barabara kutoka Mokowe kupitia Hindi, Witu na Garsen sasa ni ya lami, ila vizuizi vya polisi vipo na kila mtu huulizwa kitambulisho. Safari nzima hadi Mombasa humaliza mchana. Mwenye maumivu makali alale Malindi usiku mmoja kwa jamaa, aendelee kesho yake. Ndege kutoka kisiwa cha Manda huokoa saa nyingi, lakini kumbukeni kwamba ndege ndogo hupandwa kwa ngazi nyembamba, na kwamba kufika uwanjani nako ni boti.

Hatua ya tano: siku za hospitali

Fikeni Mombasa siku mbili kabla. Mjulisheni muuguzi mambo ambayo mzazi hatayasema mwenyewe: kwamba ana meno ya bandia, kwamba haamki vizuri asipopata chai, kwamba sikio moja halisikii. Mapambo yote, pete, bangili na vipini, yabaki Lamu. Wanawake wasipake piko nyeusi kwenye kucha katika majuma ya karibu na upasuaji, maana rangi hiyo inaweza kukizuia kifaa kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni ya damu.

Kufunga kabla ya upasuaji kuna kanuni zake. Kwa kawaida chakula kigumu husimamishwa saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla, ingawa wodi nyingi huamuru kila kitu kisimame usiku wa manane, na amri ya wodi ndiyo ifuatwe. Nalitaja hili kwa sababu ya kombe. Jamaa zetu wazee hupenda kumwandikia mgonjwa aya kwa zafarani, wakazisafisha kwa maji ya waridi, na akanywa asubuhi ya jambo zito. Ni dua na ni mapenzi, na hakuna sababu ya kuwakatalia, bali anyweshwe jioni ya kuamkia upasuaji, kabla ya saa ya kufunga. Mwenye kisukari aulize pia afanye nini na dawa zake asubuhi hiyo.

Mara nyingi upasuaji huu hufanywa kwa ganzi ya mgongoni, na mgonjwa huwa macho au amesinzia kidogo. Kesho yake, na pengine siku hiyo hiyo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo humsimamisha. Watoto wengi huona huruma wakasema mwacheni apumzike. Tafadhali usiseme hivyo, kwa kuwa kulala tu ndiko kunakogandisha damu miguuni na kujaza makohozi kifuani. Kazi yako ni kumkumbusha apumue kwa kina, apinde na kunyoosha nyayo mara kadhaa kila saa, na anywe dawa ya maumivu kabla ya mazoezi badala ya baada yake.

Usiku wa pili mama aliniuliza kama boti ya Shela imefika, na akamwita kaka yake aliyefariki miaka mingi. Nilitetemeka. Muuguzi alinieleza kwamba wazee wengi huchanganyikiwa hivyo baada ya upasuaji mkubwa, kwa sababu ya dawa, maumivu, kukosa usingizi, homa au upungufu wa maji, na kwamba mara nyingi hupita kwa siku chache ikiwa chanzo kitatafutwa na kutibiwa. Mwambie muuguzi mara moja, mvalishe mzazi miwani yake, mtajie alipo na siku ya leo kwa sauti ya upole, na pazia liwe wazi mchana. Msikimbilie kusema ni shetani au ni husuda, mkachelewesha kipimo cha damu.

Kabla ya kuondoka hospitalini, usitoke bila karatasi ya ruhusa inayoeleza upasuaji uliofanywa, dawa na siku zake, hasa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, tarehe ya kutoa nyuzi, ambayo kwa kawaida ni siku ya 10 hadi ya 14, tarehe ya kliniki, na namba ya simu ya wodi. Mwombe mtaalamu wa viungo amfundishe mzazi kupanda ngazi mbele yako: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia. Nasi tuliyarudia maneno hayo kama mtoto wa chuo.

Hatua ya sita: kumrudisha

Nawashauri kwa nguvu mkae Mombasa au Malindi, kwenye nyumba ya chini ya jamaa, mpaka nyuzi zitolewe. Safari ndefu ya gari huongeza hatari ya damu kuganda, na kidonda kikichafuka njiani au kisiwani mko mbali na aliyempasua. Wakati wa kurudi kodini gari lenye viti vya juu, aketi mbele, kiti kirudishwe nyuma na mto mgumu uwekwe ili nyonga isizame. Aingie kwa kuketi kwanza, kisha miguu yote miwili igeuzwe pamoja. Mfuko wa plastiki juu ya kiti humsaidia kugeuka. Simameni kila saa, atembee hatua chache.

Hatua ya saba: majuma ya nyumbani

Hapa ndipo zile siku zako 14 zinapofanya kazi. Atembee kidogo mara nyingi, kuanzia chumbani hadi dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha hadi baraza ya jirani. Apewe samaki, mayai, kunde na supu kwa ajili ya kidonda, na matunda na maji mengi, kwa sababu dawa kali za maumivu hufunga choo na mzee huona haya kusema. Swala aiswali akiwa ameketi kwenye kile kiti kirefu, rukuu na sijida kwa ishara ya kichwa. Kama Ramadhani imeingia, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na daktari pamoja na imamu wa mtaa wanaweza kumtuliza moyo anayeona vigumu kula mchana.

Wageni watakuja, na kuwazuia kabisa ni kuwavunjia heshima. Tulipanga waje baada ya alasiri, wakae muda mfupi, na viti viwekwe vya kutosha, kwa kuwa wageni wakiketi mkekani, mama naye hutaka kushuka aketi pamoja nao.

Dalili hizi hazisubiri kesho: kifua kuuma au pumzi kukatika ghafla, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kidonda kuwa chekundu, cha moto au kutoa usaha, pamoja na homa, au maumivu makali ya ghafla huku mguu ukionekana umefupika au umegeuka. Mgonjwa apelekwe King Fahd mara moja, na wodi ya Mombasa ipigiwe simu mkiwa njiani. Namba ya nahodha anayekubali kuamshwa usiku iandikwe ukutani kando ya namba ya daktari.

Mnamo juma la 6 kuna kliniki, na safari ya boti na gari itarudiwa, safari hii kwa wepesi kidogo. Bebeni picha mpya ya eksirei ikiwa mliagizwa kuipiga, na daftari la maswali. Mengi utayauliza wewe, lakini lile la lini ataruhusiwa kuketi mkekani mwachie mzazi alitamke mwenyewe, maana ndilo atakalokuwa analingoja tangu siku ya kwanza.